Rangi Ikilia

Sechelela ana miaka ishirini na mitatu,
mimi arobaini na tisa,
na kwenye kiwanja hiki cha Kizota, nyuma ya mashine ya kusaga,
yeye ndiye fundi, mimi ndimi "wewe kijana".

Siku ya kwanza niliuliza: tunapaka lini?
Akanipa msasa, namba themanini,
akanionyesha mlango wa Corolla ya Mwalimu Chilongani
ulioliwa na kutu kama chapati iliyosahauliwa jikoni.
"Anzia hapo," akasema, akaenda kunywa chai.

Nikasugua.
Bluu ikatoka, chini yake nyeupe,
chini ya nyeupe kijani ya mtu mwingine kabisa,
kisha bati tupu, lenye haya,
kama kisigino cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Kucha zangu, zilizozoea mihuri na kaboni za ofisi ya stesheni,
zikaisha upande.

Puti ina hasira zake.
Hadina ikizidi, inaganda hujamaliza kuitamka;
ikipungua, inalegea kama uji wa mgonjwa.
Ya kwanza ikanigandia kwenye kipande cha kioo.
Ya pili pia.
Ya tatu Sechelela aliikoroga mwenyewe, kimya,
na kimya chake kilikuwa na bei ya kopo zima.

Mia mbili arobaini. Mia nne. Mia nane, kwa maji.
Maji yenyewe ni ya dumu, ya kununua;
ukimwaga kwa pupa, mke wa jirani anakutazama hivi.
"Fumba macho," fundi akaniambia.
"Macho ni waongo, yanataka kurudi nyumbani. Uliza kiganja."
Nikafumba, nikakipitisha polepole,
na pale ambapo jicho lilishasema tayari
kiganja kikajikwaa.
Bonde. Dogo, kama kovu la chanjo begani.
Nikarudi themanini.

Mwalimu alichagua damu ya mzee.
Sechelela akaniangalia, akacheka peke yake.

Tatizo la Agosti ni upepo.
Unashuka kutoka Ihumwa, unapita mjini bila kusalimia,
unafika kwetu na vumbi jekundu na manyoya ya kuku.
Ndiyo maana tunapuliza saa kumi na moja alfajiri,
ardhi imenyunyiziwa maji ya kufulia,
vioo vimefunikwa magazeti ya mwaka jana,
bajeti nzima imebandikwa kioo cha mbele.
Kompresa ikanguruma. Majogoo wakanyamaza.

Nilisimama mno mahali pamoja.
Rangi ikalia:
tone moja refu, toka kwenye kitasa hadi chini.
Nikanyoosha kitambaa.
"Acha! Ikauke kwanza. Ukiifuta mbichi, utaliharibu na lililokuwa zima."
Sikujibu.
Wapo watu kwangu niliowafuta wakiwa wabichi.

Siku ya nne, elfu moja mia tano, kisha elfu mbili,
na gari zima likafifia, likawa ulimi wa mwenye homa.
Nilijua nimeliua.
Fundi akapaka kompaundi, akanipa mashine, akasema neno moja:
"Ukingoni, pita kama mgeni."
Damu ikarudi polepole. Kwanza niliona waya wa kuanikia,
kisha mbuzi wa jirani, kichwa chini,
kisha uso wangu. Nikakawia hapo.
Na ukingoni, huku najitazama, praima ikachungulia,
kijivu, duara, kama sarafu ya hamsini.

Mwalimu akazunguka mara mbili, akachana nywele mlangoni,
akalipa theluthi mbili, akatokomea na vumbi lake.

Juzi nimelikuta Sabasaba, limeegeshwa karibu na wauza nyanya.
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.
Nikafumba macho, kiganja kikaenda chenyewe.
Ipo.
Kutoka ndani ya gari sauti ya mtoto ikauliza:
"Unatafuta nini, mzee?"

Mzee!
Nikasimama, nikajifuta magoti,
nikawahi kazini niitwe kijana.